Msimbo wa Kuazima: Leseni za Programu Huria na Kiswahili cha Masisi na Walikale

Karani anayetumwa kuwaandikisha watu waliohama makwao katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu ya Kaskazini, aghalabu hachukui tena daftari. Huchukua simu yenye programu ya fomu. Huuliza maswali kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kinachowaunganisha wasemaji wa Kihunde na Kinyarwanda wa milima ya Masisi na wasemaji wa Kinyanga, Kikumu na Kitembo wa upande wa Walikale. Hujaza majibu papo hapo. Na kwa vile sehemu kubwa ya misitu ya Walikale, wilaya yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 23,000, haifikiwi na mtandao wa simu, majibu hayo hukaa ndani ya simu hadi karani afike penye mawasiliano, ndipo yanapotumwa.

Programu inayotumika mara nyingi kwa kazi hiyo ni KoboCollect. Hailipiwi, na msimbo wake, yaani maandishi ya mwandishi wa programu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Kutokana na hali hiyo imezuka dhana kwamba msimbo ulio wazi hauna mwenyewe, na kwamba anayeuchukua anaweza kuuandikia masharti yoyote apendayo. Dhana hiyo ni potofu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ni potofu, na kuonyesha kwamba jambo hili linawagusa pia wanafunzi wa lugha, maadam maneno ya Kiswahili yaliyomo ndani ya programu hizo yanafuata sheria ileile inayofuatwa na msimbo.

Nasaba ya programu moja

KoboCollect haikuandikwa upya kuanzia mstari wa kwanza. Ni tawi la programu nyingine, ODK Collect, iliyoanza kutungwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na Gaetano Borriello pamoja na wanafunzi wake, akina Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette. ODK Collect nayo imebeba ndani yake JavaRosa, maktaba ya msimbo inayosoma fomu na kuamua swali lipi lifuate jibu lipi, ambayo ilikuwa imeandikwa na kundi jingine kwa ajili ya simu ndogo za zamani.

Upande wa seva, yaani kompyuta inayopokea majibu, nasaba ni tofauti. Hapo babu ni formhub, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kutoka formhub walichipuka ndugu wawili: Ona, yenye ofisi Nairobi, na KoboToolbox, iliyolelewa na Harvard Humanitarian Initiative chini ya Patrick Vinck na Phuong Pham. Wawili hawa walikuwa wameijua Kivu kabla ya hapo. Uchunguzi wao wa maoni ya wananchi wa mashariki mwa Kongo, uliofanywa mwaka 2007 na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafikia watu wa Ituri na wa Kivu zote mbili.

Sasa tuziangalie leseni. JavaRosa na ODK Collect zimetolewa kwa leseni ya Apache, toleo la 2.0. Formhub ilitolewa kwa leseni ya jamii ya BSD. Lakini sehemu ya KoboToolbox inayotumiwa kutungia fomu, ambayo wenyewe waliiandika, imetolewa kwa leseni ya AGPL, toleo la 3, yenye masharti makali kuliko hizo mbili. Mtoto amekuwa mkali kuliko babu, wala hakuna sheria iliyovunjwa.

Kisa cha pili kinafanana na hicho. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, iliandikwa Kenya mwezi Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi. Mwishoni mwa mwaka huohuo, vita vya CNDP vilipopamba moto Masisi na Rutshuru, Ushahidi ilitumiwa kufuatilia matukio ya mashariki mwa Kongo. Ushahidi ya zamani ilijengwa juu ya Kohana, kiunzi cha msimbo chenye leseni ya BSD, nacho Kohana kilikuwa tawi la kiunzi kingine kiitwacho CodeIgniter. Juu ya msingi huo Ushahidi yenyewe ilitolewa kwa leseni ya LGPL, na baadaye toleo lake la tatu, lililoandikwa upya, likatolewa kwa AGPL. Kwa hiyo neno la Kiswahili lilipanda juu ya kazi za watu wengi, na katika miezi kumi na moja likawa limetoka Nairobi hadi Kivu. Lau kila hatua ingehitaji barua ya kuomba ruhusa, safari hiyo isingewezekana.

Programu kama kazi ya fasihi

Wasomaji wa kurasa hizi huenda wakafurahi kujua kwamba, kwa mujibu wa sheria, programu ya kompyuta ni kazi ya fasihi. Si tashbihi. Ibara ya 10 ya mkataba wa TRIPS, ambao unazifunga nchi zote wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, inaagiza kwamba programu zilindwe kama kazi za fasihi chini ya Mapatano ya Berne. Kongo ni mwanachama wa Shirika hilo tangu mwaka 1997, na sheria yake ya hakimiliki ni ile ya tarehe 5 Aprili 1986, iliyotungwa nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire.

Tokeo lake ni hili: anayeandika msimbo huwa mwenye hakimiliki tangu anapouandika, bila kujiandikisha popote. Asiposema neno, hakuna mwingine mwenye haki ya kuunakili, kuubadili wala kuusambaza. Ukimya wa mwandishi si ruhusa. Leseni ndiyo ruhusa, nayo hutolewa na mwenye mali peke yake.

Watunzi wa Kiswahili walilijua jambo hili, kwa namna yao, karne nyingi kabla ya kompyuta. Katika takhmisi mtunzi wa pili hutwaa mishororo miwili ya mtunzi aliyemtangulia, akaongeza mitatu yake mbele, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Mishororo ya kwanza haiguswi. Ndiyo maana Takhmisi ya Liyongo inasomwa kwa majina mawili: jina la Liyongo mwenye maneno ya asili, na la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyeyaongezea. Mitatu ni yake Sayyid Abdallah, naye angeweza kuiwekea sharti lolote; miwili si yake, na hawezi kuiwekea sharti lisilotoka kwa mwenyewe. Mtu akilishika hilo, sehemu kubwa ya elimu ya leseni ameimaliza.

Leseni karimu na leseni za kurithisha

Leseni za programu huria ni nyingi kupita haja, lakini zinagawanyika katika mafungu mawili makubwa.

Fungu la kwanza tuliite la leseni karimu: MIT, BSD, Apache. Hizi humruhusu mpokeaji kufanya karibu kila kitu, hata kuuza, hata kuficha msimbo alioubadili. Zinachodai ni kidogo. Tamko la hakimiliki na nakala ya leseni vibaki pamoja na kazi, na kwa Apache, mafaili yaliyobadilishwa yaonyeshe kwamba yamebadilishwa. Ni kama kitenge chenye jina la kiwanda pembeni. Fundi wa Sake atakishona gauni au shati, ataliuza kwa bei apendayo, lakini kukata ule ukingo hakumfanyi yeye kuwa mwenye kiwanda.

Fungu la pili ni la leseni za kurithisha. Kubwa kati yao ni GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1989. Toleo la pili lilifuata mwaka 1991 na la tatu mwaka 2007. Leseni hii inasema: chukua, badili, uza ukitaka, ila ukiigawa kazi uliyoijenga juu ya hii, igawe kwa masharti haya haya, na msimbo wake uwe wazi. LGPL hulegeza sharti hilo kwa maktaba za msimbo. AGPL hulikaza: hata asiyegawa programu bali akaiweka kwenye seva yake na kuwaacha watu waitumie kwa mtandao, anapoibadili anawiwa kuwapa watumiaji hao msimbo alioubadili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana watatu wa Goma wanaanzisha kampuni ndogo ya kuyauzia mashirika huduma ya fomu. Wakichukua KoboCollect, wakabadili rangi zake na kuongeza maneno ya Kiswahili cha Kivu, wanaweza kuigawa bila kuonyesha msimbo wao, ili mradi matamko ya Apache yabaki mahali pake. Lakini wakichukua ile sehemu ya AGPL, wakaibadili na kuiweka kwenye seva yao, basi kila shirika linaloitumia lina haki ya kudai msimbo uliobadilishwa. Sijaona kosa linalorudiwa mara nyingi kuliko la kudhani kwamba, kwa kuwa simu na seva vina jina moja la Kobo, vina sharti moja pia.

Mwendo kati ya mafungu haya ni wa upande mmoja. Msimbo wa BSD huingia ndani ya kazi ya GPL bila taabu, lakini wa GPL hauingii ndani ya kazi ya BSD na kazi hiyo ikabaki BSD. Hata ndani ya mwendo huo mna vikwazo: msimbo wa Apache 2.0 unakubaliana na toleo la tatu la GPL, ilhali haukubaliani na toleo la pili. Mto unaoshuka Walikale hauwezi kupandishwa Masisi.

Kubadili leseni

Hapa panahitaji uangalifu, kwani maneno “kubadili leseni” hutumiwa kwa mambo mawili yasiyofanana. KoboToolbox ilipotumia AGPL, haikubadili leseni ya formhub. Iliweka masharti juu ya maandishi yake yenyewe, na mistari ya zamani ikabaki na tamko lake. Kubadili leseni hasa ni pale kazi ileile, kwa maneno yaleyale, inapohamishwa kutoka sharti moja hadi jingine. Hilo linawezekana kwa idhini ya wenye hakimiliki tu, na ugumu wake unategemea idadi yao.

Mwenye mali akiwa mmoja, ni jambo la siku moja. Mwezi Julai 1999 Chuo Kikuu cha California kiliondoa katika leseni yake ya BSD kifungu kilichowalazimisha watumiaji kukitaja chuo hicho katika kila tangazo la biashara. Waraka mmoja ulitosha.

Wenye mali wakiwa wengi, kazi huwa nzito. Mfano ulio bora ni wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ambayo si msimbo bali ni data, lakini kanuni ni moja. Ramani hii ndiyo tegemeo la mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa mwaka 2014 na Médecins Sans Frontières pamoja na wenzake, ili vijiji visivyoonekana kwenye ramani za kawaida vichorwe kabla timu za uganga hazijafika. Shirika hilo limekuwa likiisaidia hospitali kuu ya Masisi tangu mwaka 2007. Wakuu wa OpenStreetMap walipoamua kuacha leseni ya Creative Commons na kuchukua ODbL, hawakuwa na mamlaka ya kuwaamulia wachoraji. Ilibidi kila mchoraji aulizwe. Waliokataa, na wasiojibu, kazi zao zilifutwa katika ramani katikati ya mwaka 2012, na leseni mpya ikaanza tarehe 12 Septemba mwaka huo. Barabara zilizofutwa zilichorwa upya na watu wengine, kutoka vyanzo vingine.

Njia ya tatu ni kumpa mtu mmoja haki mapema. Wachangiaji wa OpenOffice.org walitakiwa kutia saini mkataba wa kushirikiana hakimiliki na kampuni ya Sun. Oracle iliponunua Sun mwaka 2010, ilirithi haki hizo. Na mwezi Juni 2011 iliweza kuukabidhi msimbo wote kwa Apache Software Foundation na kuuhamisha kutoka LGPL hadi Apache 2.0 bila kuwauliza waandishi wake mmoja mmoja. Wale waliokuwa wamejitenga mwezi Septemba 2010 na kuanzisha LibreOffice hawakuwa na mkataba wa namna hiyo. Kila mchangiaji hubaki na hakimiliki yake. Kwa maoni yetu njia hii ya mkataba ni ya haraka, lakini mchangiaji anapaswa kujua kwamba anaitia kazi yake mkononi mwa mtu ambaye kesho anaweza kununuliwa.

Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, ilitumia hila halali ya nne. Makala zake zilikuwa chini ya leseni ya GFDL “au toleo lolote la baadaye”. Mwezi Novemba 2008 lilitolewa toleo la 1.3 lenye kifungu kilichoruhusu kuhamia Creative Commons, na mwezi Juni 2009 uhamisho ukafanyika. Maneno matano katika tamko la leseni yaliokoa kazi ya miaka.

Maneno nayo yana leseni

Mtafsiri wa programu huandika faili lenye sentensi fupi fupi: “Hifadhi fomu”, “Tuma majibu”, “Una hakika unataka kufuta?” Faili hilo ni tafsiri, na tafsiri ni kazi yenye hakimiliki, iliyojengwa juu ya kazi ya mwingine. ODK Collect ina faili la Kiswahili la namna hiyo, nalo linafuata leseni ya programu yenyewe. Kwa hiyo hakuna kinachomzuia mwalimu wa Goma kulichukua na kulirekebisha lifanane na usemi wa Kivu, kisha kuligawa.

Na haja ya kurekebisha ipo. Karani akiuliza “Una watoto wangapi?” ataeleweka, lakini wengi wa wasemaji wa Kivu wangeuliza “Uko na batoto ngapi?” Katika maswali ya afya, ya ardhi au ya ukatili, umbali mdogo kama huo unatosha kumfanya mtu ajibu swali asiloulizwa.

Aanzie wapi anayetaka kazi hiyo? Kuna msingi uliowekwa na wengine. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo. Mwaka huohuo Jason Githeko wa Kenya alikamilisha kamusi ya kusahihishia tahajia ya Kiswahili, ambayo mpaka leo imo katika LibreOffice. Kamusi hiyo haijui “batoto”. Huipigia mstari mwekundu. Mtu anaweza kuiongezea maneno ya Kivu, lakini leseni yake ni LGPL, na kamusi itakayozaliwa humo lazima ibaki LGPL, ikiwa na jina la Githeko. Kuiweka ndani ya kazi ya Apache kana kwamba ni ya Apache hakuruhusiwi. Neno lenyewe, bila shaka, halina mwenyewe: anayekusanya upya maneno kutoka vinywani mwa watu wa Nyabiondo au Pinga, bila kunakili orodha ya mwingine, yu huru kuchagua leseni aitakayo. Hakimiliki imo katika uteuzi, mpangilio na kanuni za unyambuaji zilizoandikwa.

Upande mwingine wa mizani ni CC0, tamko ambalo kwalo mwenye kazi huacha haki zake zote. Mkusanyo wa tafsiri wa TICO-19, uliotolewa mwaka 2020 kuhusu ugonjwa wa korona, una sentensi zaidi ya 3,000 ambazo zimefasiriwa kwa Kiswahili cha kawaida na pia, pekee yake, kwa Kiswahili cha Kongo, na umetolewa kwa CC0. Unaweza kuingia katika kazi ya leseni yoyote. Ni hazina ndogo, lakini ni miongoni mwa chache za Kiswahili hicho ambazo mtu anaweza kuzitumia bila wasiwasi.

Zilizobaki ziko wapi? Ziko ndani ya fomu. Fomu za KoboToolbox hutungwa katika jedwali, na kila lugha ina safu yake: Kifaransa hapa, Kiswahili pale, na mara nyingine Kinyarwanda au Kihunde. Kila uchunguzi unaofanywa Masisi au Walikale huacha safu kama hiyo ya maswali yaliyofikiriwa na kujaribiwa kwa wenyeji. Programu ni huria. Maswali si huria, kwa sababu leseni ya programu haienei juu ya maandishi ambayo mtumiaji anayaweka ndani yake, na ni nadra mtu kuyaandikia leseni. Mwaka 2025 vita viliingia Goma mwezi Januari na mji wa Walikale mwezi Machi, na Marekani ikafunga USAID mwezi Julai. Mradi unaposimama katika hali kama hiyo, timu hutawanyika, akaunti ya seva hubaki bila mlinzi, na mradi unaofuata hulipa tena kwa tafsiri ya swali lilelile, pengine mbaya kuliko ya kwanza.

Jedwali la fomu lina ukurasa wa mipangilio ambamo huandikwa kichwa cha fomu, toleo lake na lugha ya kuanzia, na mtungaji anaweza kuongeza pia swali la aina ya maelezo, lisilodai jibu. Hapo panatosha mstari mmoja: tafsiri hii ya Kiswahili ni ya fulani na fulani, mwaka fulani, na inatolewa kwa leseni hii. Uandikwe kabla fomu haijapakiwa kwenye simu ya kwanza, watafsiri wakiwa bado wako mezani pamoja na wanaweza kuulizwa kama wanakubali.